Nozeli ya Nne

College Park, Maryland
Marekani
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Dada Benadetha,

Shikamoo, Dada. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta. Na shemeji Ezekiel, ile dawa ya macho imemsaidia, au bado anasomewa gazeti? Migomba je, ule ugonjwa umepungua au mnaendelea kung'oa? Nijibu yote, hata kwa kifupi. Nikiwa mbali kiasi hiki, hata habari ya mgomba mmoja naisoma mara mbili.

Sisi huku tuko hai. Zamani ningeandika "hatujambo" nikapita, lakini leo nimeona niandike hivyo. Mama yuko hai, amejipumzisha chumbani, anakula, anauliza habari zako kila siku. Mke wangu Nkatha yuko hai, yupo hapa jikoni anachambua maharage na ananitazama nikiandika. Mimi pia ni mzima, ila kichwa bado kinagonga kidogo asubuhi.

Utajiuliza kwa nini nimechukua kalamu wakati simu zipo. Simu Mama anaisikia, na yapo mambo ambayo siwezi kuyasema kwa sauti akiwa chumba cha pili. Barua hii anakuletea Clement wa ubalozini. Anakuja likizo na atapita Bukoba kwa wazazi wake. Nimeiandika kwa Kiswahili badala ya Kihaya kwa sababu nimemwahidi Nkatha kwamba ataisoma kabla sijafunga bahasha. Ana haki hiyo. Nimesikia yanayosemwa huko nyumbani, kwamba mkwe Mkenya amemweka Mama kwenye nyumba ya mapepo, na kwamba Mama anazungumza na wafu kwa sababu amelishwa kitu. Dada, nakuomba usome mpaka mwisho, halafu uwaite hao wanaosema uwaambie ukweli. Aliyekosa ni mimi.

Nyumba tuliyohamia Septemba ina gereji, yaani chumba cha gari kilichoshikana na nyumba. Gari letu linalala nje. Humo ndani Nkatha ameweka vyerehani viwili na meza ya kukatia. Mchana anahudumia wazee kwenye makao yao, na jioni na Jumamosi anashona nguo za harusi na za komunyo ya kwanza kwa watu wetu wa huku. Mama alipofika Oktoba aliipenda gereji kuliko sebule. Unajua alivyo, hawezi kukaa mikono mitupu. Akawa anapinda pindo na kushikiza vifungo tangu tunapotoka asubuhi mpaka turudi.

Desemba baridi ikaja, na gereji ni zege tupu. Nikapata hita kwa mzee mmoja wa Virginia aliyekuwa anafunga karakana yake ya useremala. Ni hita kubwa ya kuning'inizwa darini, ina feni na bomba la kutolea moshi nje. Tatizo ni kwamba ilitengenezwa kwa gesi ya bomba, ile inayopita chini ya barabara hadi majumbani, na mtaa wetu hauna bomba hilo. Ilibidi igeuzwe itumie gesi ya mtungi, ambayo huku wanaiita propeni.

Nikueleze kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye kosa. Gesi ya mtungi ina nguvu kuliko ile ya bomba, na inasukuma zaidi. Kwa hiyo vitundu inakopitia kwenda kwenye moto lazima viwe vidogo. Vitundu hivyo viko kwenye nozeli, vipande vidogo vya shaba ambavyo unavifungua na kuweka vingine. Hita yetu ina vichomeo vinne, kwa hiyo nozeli nne. Vilevile unabadilisha springi moja, halafu unapima msukumo wa gesi kwa kifaa chake. Ukikamilisha yote hayo, moto unawaka wa bluu na mfupi.

Nkatha aliniambia mapema. "Si uite tu Peterson? Ako na leseni ya gesi. Hiyo ndiyo kazi yake."

Peterson ni Mkenya mwenzake wa kanisani. Nikamjibu kwamba nilikaa na maboila ya kiwanda cha sukari miaka sita, na kwamba huko Arlington mitambo ya joto ya jengo zima la ofisi iko mikononi mwangu. "Hita ya gereji itanishinda?"

"Sijasema itakushinda," akasema. "Nimesema uite Peterson."

Sikumwita. Niliagiza seti ya nozeli mtandaoni, na ilipofika nikakuta ni ya hita ndogo, yenye vichomeo vitatu. Ndani ya mfuko kulikuwa na nozeli tatu tu. Ilikuwa Jumamosi, Mama amejifunga blanketi mbili, ananitazama kwa matumaini. Nikafunga zile tatu. Ya nne nikaiacha ile ya zamani, yenye tundu kubwa. Kifaa cha kupimia nilikuwa nacho kazini; sikukileta. Nikawasha. Moto wa vichomeo vitatu ukawaka bluu, na wa nne ukawaka mrefu, ncha yake ya njano, ukiyumba kama mshumaa. Mama akapiga makofi. Nikajiambia nitaagiza nozeli ya nne wiki ijayo.

Nililijua hilo, Dada. Sitaki uandike moyoni kwamba mdogo wako alikosea kwa kutojua.

Wiki ya pili ya Januari nilirudi kutoka kazini mchana, Mama akanipokea mlangoni. "Yule msichana mmempa chai?"

"Msichana yupi, Mama?"

"Huyu anayenishikia kitambaa."

Nilidhani ni mteja wa Nkatha, na Nkatha akadhani ni binti wa jirani. Hatukufuatilia. Siku mbili baadaye nikakuta Mama ameburuta kiti kutoka jikoni mpaka kwenye cherehani cha pili. Kando yake kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja amekunywa, kingine kimejaa na chai imeganda utando juu.

Nguo nazo zikaanza kuchafuka. Nkatha alikuwa anashona gauni jeupe la komunyo, na kila asubuhi alilikuta lina vumbi jeusi, laini kama wanja. Alilaumu mafuta ya cherehani. Akakipangusa cherehani, akalifunika gauni kwa shuka, na shuka nayo ikawa nyeusi. Kichwa kilimuuma kila alipokaa humo zaidi ya saa moja. Mimi pia. Tulisema ni uchovu, ni baridi, ni kazi mbili. Kilichotuchanganya zaidi ni Jumapili. Kanisani Mama alikuwa Mama yule yule, anakumbuka jina la kila mtu, anacheka mpaka anafuta machozi. Jumatatu mchana anarudi kuniuliza kama marehemu baba amesharudi kutoka shambani. Tukasema ni uzee. Ndipo yeye akaanza kuwasimulia ninyi kwenye simu, na maneno yakaanza kuzunguka huko.

Nkatha akaogopa. Akawaita wanajumuiya, wakaja watu kumi na watano Jumamosi moja, wakainua lango la gereji ili watoshe, wakasali saa tatu nzima lango likiwa wazi na sisi tumevaa makoti. Siku ile Mama hakuona mtu. Alikuwa mzima kabisa, hata aliimba. Nkatha akalia kwa furaha, na nyumba nzima tukaamini kwamba kuna kitu kilikuwepo na kimetoka. Jumatatu lango likiwa chini, hita ikawaka, na msichana akarudi.

"Ni nani, Mama?" nikamwuliza hatimaye.

Akanishangaa. "Humjui? Ni Domina."

Nisingependa kuliandika jina hilo bila kukuandaa, lakini sikuona njia nyingine. Mama alilitamka kama mtu anayesema jina la mtu aliyetoka kuchota maji. Miaka ishirini na saba hatujalisema mezani jina la ndugu yetu huyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi alipofariki, nimelala kwa baba mdogo, na ninachokumbuka ni sauti za watu wazima tu. Homa ya uti wa mgongo, siku tatu. Mama yuko Mwanza anamuuguza mjomba, na alipofika nyumbani mazishi yalikuwa yamepita siku mbili. Hilo ndilo ninalolijua. Wewe ndiye uliyekuwa hospitalini naye.

Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu Januari ofisi zilifungwa kwa theluji. Nkatha alikwenda kazini, maana wazee hawafungwi. Mimi nikakaa gereji na Mama, namkatia vitambaa. Ilikuwa kama saa saba mchana, mwanga wa theluji unaingia kwenye vioo vya lango, mweupe, hauna kivuli. Feni ya hita inavuma. Nikasikia cherehani cha pili kinatembea. Polepole, kushona kwa mtu anayejifunza, anaanza na kusimama.

Nikainua macho. Dada, alikuwa amekaa pale. Shingo imeinama, nywele zimesukwa mistari mikubwa, mikono yake iko kwenye satini nyeupe na satini inasogea. Uso sikuuona. Mama alikuwa amemgeukia, anamwelekeza kwa kidole, akisema kwa Kihaya avute taratibu. Mimi nilirudi kwenye mkasi wangu nikaendelea kukata. Sikuogopa hata kidogo. Nilihisi usingizi na amani, nikawaza tu kwamba kitambaa hakitatosha. Ile amani ndiyo inayonitisha mpaka leo. Nilipoinua macho tena kiti kilikuwa kitupu. Nkatha aliporudi sikumwambia kitu.

Jumamosi iliyofuata, mchana, akaja Bilha kujaribu gauni. Bilha ni nesi, Mkenya, mwanamke asiyezungusha maneno. Nkatha alikuwa amekwenda dukani Langley Park kutafuta zipu. Mama yuko cherehani, mimi nimekaa sakafuni nimeegemea ukuta, nasikia uvivu wa kusimama. Bilha aliingia akitabasamu, akaanza kusalimia. Akanitazama. Akamshika Mama kidevu, akamgeuza uso, akamwuliza jina lake. Mama akajibu maneno yaliyoshikana.

"Mmekuwa na maumivu ya kichwa?" akaniuliza.

"Kila siku."

"Na mkitoka nje yanaisha?"

Nikafikiri kujibu, mdomo ukawa mzito. Bilha akatazama juu kwenye hita. Sasa vichomeo vyote vinne vilikuwa vinawaka njano, na dari juu yake ilikuwa nyeusi. Mimi nilikuwa nimepita chini ya dari hiyo mwezi mzima.

"Toka! Wewe mzee, simama, toka nje!" Alinipigia kelele mpaka majirani wakasikia. Akabonyeza kitufe, lango likainuka, akamkumbatia Mama kiunoni akamburuta mpaka kwenye theluji bila viatu. Mimi nilitambaa. Mama alikuwa anapigana naye, anarudi nyuma, analia, "Mwacheni amalize! Mwacheni amalize, waitu, tafadhali!" Kisha miguu ikamlegea.

Zimamoto walikuja kabla dakika kumi hazijaisha. Mmoja aliingia na kipimo mkononi, nacho kikaanza kulia kabla hajapita mlangoni. Akatoka, akatuuliza tumeishi hivyo muda gani. Nikasema tangu Krismasi. Akatikisa kichwa. Ilikuwa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, inayotoka kwenye moto usiowaka vizuri; haina harufu wala rangi, Dada. Inaingia kwenye damu inakaa mahali pa hewa safi, na ubongo unakosa pumzi polepole. Daktari alitueleza kwamba mtu huanza kuona watu na kusikia sauti. Alisema nyumba nyingi zilizosemwa zina mizimu zilikuwa na moshi tu. Ndani ya nyumba tuna king'ora cha hewa hiyo, lakini kiko korido ya juu, na Nkatha alikuwa ameziba chini ya mlango wa gereji kwa matambara ili baridi isipite.

Mama alilazwa siku nne akipewa oksijeni. Siku ya kwanza hakunitambua. Nilikaa kando ya kitanda nikiwa na mpira wa hewa puani mwangu mwenyewe, na sikuweza kumwomba Mungu chochote kwa sababu niliona aibu.

Peterson alikuja Jumatatu. Aliishusha hita akaifungua mbele yetu. Njia zote za moshi zilikuwa zimejaa masizi, na bomba la kutoka nje limeziba kiasi cha kupitisha kidole kimoja. Akaweka nozeli nne mezani kwenye kitambaa, akazipanga. Akainua ya nne, akaitazama kwenye mwanga, kisha akanitazama mimi. Gesi ilikuwa inamwagika nyingi kwenye tundu hilo, haipati hewa ya kutosha, inafanya masizi. Masizi yakaziba, na vichomeo vingine navyo vikakosa pumzi, moshi ukarudi chumbani.

"Hii ilisahaulika?" akauliza. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, Dada. Mkewe na Nkatha wanaimba kwaya moja.

Nkatha alikuwa amesimama pale. Nikasema, "Haikusahaulika. Nilijua."

Hakunipigia kelele. Alitoka akaenda kukaa kwenye gari, akakaa humo karibu saa nzima, injini imezimwa. Aliporudi alisema, "Walisema ni mimi. Ulisikia wanasema ni mimi, na ulinyamaza." Nilimwambia nitaandika. Ndiyo barua hii.

Hita imefungwa upya na Peterson, nozeli nne mpya, bomba jipya, imepimwa na kukaguliwa na mtu wa kaunti, na king'ora kiko ukutani gereji. Moto ni wa bluu. Sasa nimebakiwa na jambo moja, na hilo ndilo lililofanya nisiweze kulala.

Jana mchana Mama aliniita gereji. Alikuwa amekaa, mikono magotini, hashoni. Akasema, "Haji tena."

"Ilikuwa ile hewa, Mama. Daktari alikueleza."

"Alinieleza, nikamwelewa. Mimi si mtoto." Kisha akasema kwamba siku ile Bilha anamvuta, Domina alikuwa anamsimulia siku yake ya mwisho. Alifika karibu na mwisho. Nakuandikia alivyoniambia, sijaongeza wala kupunguza.

Alisema kwamba asubuhi ile Domina alikuwa haoni tena, akawa anamwita Mama. Wewe ulifungua sanduku mliloenda nalo hospitalini ukatoa kanga ya Mama ambayo haijafuliwa, ukamfunga nayo kichwani apate harufu. Ukamwambia Mama amefika, yuko mlangoni anavua viatu. Domina akasema, "Mwambie asiharakishe." Akatulia. Na wewe hukumwambia mtu, kwa sababu uliona umemdanganya mtu anayekufa.

Dada, mimi sijawahi kusikia habari hizi. Nimemwuliza Mama kama wewe ulimwambia, hata mara moja, hata kwa kudokeza. Akasema hapana, na kwamba miaka yote alikuogopa kukuuliza. Nimetafuta kila maelezo. Labda manesi walisema, labda aliota, labda ubongo wenye sumu hutunga kitu ambacho moyo unakitaka. Nimejaribu kuamini hivyo, na mchana naamini. Aliyekuwa chumbani ni wewe peke yako. Kama si kweli, niandikie useme si kweli, nami nitashukuru, tutaiita sumu na tutafunga. Kama ni kweli, sijui nikuombe nini.

Mama hajui kama nakuandikia leo. Lakini jana, kabla hajainuka, aliniagiza neno la kukufikishia siku nitakayopata nafasi, na nafasi ni hii. Alisema, "Mwambie Benadetha hakumdanganya mdogo wake. Mimi nilichelewa, basi. Lakini nimefika."

Tafadhali msalimie shemeji Ezekiel, na mwambie barua hii aisomewe na wewe, si na mtu mwingine. Msalimie baba mdogo na watoto wote wa pale juu. Waombee wale waliomsema Nkatha, na ukiweza mwandikie yeye maneno mawili kwa mkono wako, atayatunza. Mungu akulinde, akupe pumzi nyepesi usiku na miguu imara asubuhi, na atupe siku ya kukaa sote chumba kimoja.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na nisiyekuficha tena neno,

Respicius